Matope hayarudi mlimani yenyewe!

Vijana wenzangu wa Dar na Arusha, msinicheke. Niko hapa Katesh, chini ya Mlima Hanang, na nimetengeneza gemu. Yangu mwenyewe!

Nilianza kwa tamaa. Mshikaji mmoja wa mjini alinipa somo: kama siyo Unity, siyo kitu. Haya bwana. Nikanunua bando juu ya bando, programu inashuka kwa kusuasua, na laptopu yenyewe mtumba, memori GB 4. Nilipoifungua feni ikalia kama mashine ya kusaga, halafu kioo kikaganda. Hela ya kuku watatu hiyo, imekwenda na maji.

Mwalimu mmoja aliyekuja harusini kutoka Haydom, kule Mbulu, ndiye aliyenipa Scratch kwenye flashi. Ilibuniwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, ipo tangu 2007. Bure, ukishaiweka haidai intaneti, na Kiswahili inacho. Huandiki makodi, unaunganisha vipande vya rangi. Siku ya kwanza paka akatembea kwa vitufe vya mishale. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

Mdogo wangu, darasa la tano, akataka gemu ya matope. Mnakumbuka Jumapili ile, Desemba 3, 2023, mlima ulipomeguka ukatushukia. Bibi yetu aliondoka siku hiyo. Nikasita.

"Kaka, weka tu. Mimi nitakimbia."

Nikaweka. Mtoto anakimbia, rangi ya kahawia inamfuata, ikimgusa kwisha kazi. Ila kila tukibonyeza bendera ya kijani, mtoto anakufa hata mguu hajainua! Siku mbili namtafuta mchawi. Kumbe matope yanaanzia pale yalipoishia mchezo uliopita. Scratch haiyarudishi mlimani mpaka uiambie, kila bendera inapobonyezwa, yaende kwenye x hii na y hii. Kipande kimoja tu, jamani.

Juzi dogo akafika juu salama. Hakushangilia.

"Kaka, bibi mbona hujamweka?"

Sikuwa na jibu. Akachukua mausi akamchora mwenyewe, na kanga yake, juu kabisa kulia. Hajampa kipande hata kimoja cha kumwendesha. Amesimama tu pale, matope hayamfikii.