Saa Iliyorudishwa

Uani kwetu, Tanga, imesimama nguzo ya kuanikia nguo. Ni boriti ya mkoko iliyokitwa kwenye saruji kabla sijazaliwa, kimo chake kama cha mtu mzima. Ukiinama pale chini utaona mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, mingine upande wa kaskazini wa nguzo, mingine upande wa kusini. Wageni hudhani ni mchezo wa watoto. Ile ndiyo saa aliyoitumia Mama maisha yake yote.

Kivuli kikigusa mstari wa kwanza, aliteleka wali. Kikigusa wa pili, adhuhuri imeingia, aliinuka kwenda kutawadha. Mstari wa tatu uko mbali na nguzo, karibu na mlango wa jikoni, nao ni wa alasiri: kivuli kimetimia urefu wa nguzo yenyewe, na juu yake kile kidogo kilichokuwapo jua lilipopinduka. Mama hakuyapata hayo darasani. Aliyapata kwa mama yake, aliyekuwa akichomeka kijiti mchangani na kukitazama huku mikono inasuka ukili.

Mistari ni mafungu mawili kwa kuwa kwetu jua huhama. Kaskazi ikivuma, jua liko kusini mwetu na kivuli cha saa sita huangukia kaskazini. Kusi ikishika, jua limeshavuka, na kivuli hugeukia kusini. Katikati ya majira hayo, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini, na kwa dakika chache nguzo haina kivuli. Mama alizijua siku hizo. Alisema nguzo imemeza kivuli chake.

Lugha yetu nayo imejengwa juu ya jua. Saa moja yetu ni saa ya kwanza ya mchana, na saa kumi na mbili jioni ni wakati wa jua kutua. Twasema mchana kutwa, mpaka jua lichwe. Twasema usiku kucha, mpaka kuche. Hata kujuliana hali ni kuulizana jua na usiku vimetupitaje: umeamkaje, umeshindaje.

Saa ya ukutani ina hesabu nyingine. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye mstari wa longitudo ya digrii 45 Mashariki, mstari usiokanyaga Kenya wala Tanzania. Unapita Ethiopia, Somalia na Madagaska. Jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja, kwa hiyo jua la Tanga liko nyuma ya saa ya ukutani kwa wastani wa dakika kama 24, na la Kigoma kwa zaidi ya saa nzima. Tumekubaliana hivyo ili mtu wa Kigoma na wa Tanga waweze kuahidiana. Ni makubaliano mema. Lakini ni makubaliano, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo mpaka siku yaliponiumiza.

Mdogo wangu anaishi Bristol, magharibi mwa Uingereza. Kila Jumapili alipiga simu saa kumi na moja jioni kwa saa zake. Kipindi chao cha joto, kwetu huwa ni saa moja usiku: magharibi tumeshaswali, isha bado. Mama alikuwa akiketi mkekani, simu mapajani, na swali lake la kwanza halikubadilika. “Mwanangu, mmeshindaje huko?” Naye hujibu, “Tumeshinda salama, Mama,” ingawa dirishani kwake mara nyingi jua lilikuwa bado halijachwa.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma. Kwake saa kumi na moja inabaki kumi na moja, kwetu simu inalia saa mbili. Kila mwaka jioni hiyo Mama aliingiwa na wasiwasi, na kila mwaka nilimweleza. Mara moja aliniuliza, “Wanarudishaje saa?” Nikamwambia wanarudisha mishale tu. Akatazama uani, akasema, “Na kivuli je?”

Mwaka huu uliopita, Jumapili hiyo ilinitoka akilini. Mama alikuwa kitandani wiki ya tatu, kifua kimembana. Baada ya magharibi aliniuliza kama saa moja imefika. Nikamwambia imefika, atapiga sasa hivi. Nikamwekea simu kando ya mto. Baada ya muda akaniuliza tena, nikamwambia labda ni mtandao. Hakusema kitu. Aliunyoosha mkono wake, akauweka juu ya simu.

Ilikuwa kama saa moja na nusu, adhana ya isha imeanza, nikasikia pumzi yake ikikatika na kurudi, ikikatika na kurudi. Nikamtamkia shahada sikioni, midomo yake ikanifuata. Adhana ilipokwisha, chumba kilikuwa kimya.

Saa mbili kamili simu ililia. Majirani walikwisha ingia, macho ya Mama yamefumbwa, kidevu kimefungwa kitambaa. Nikaipokea.

“Shikamoo, dada. Nipe Mama.”

Nikamwambia Mama ametangulia. Alinyamaza, halafu akauliza, “Saa ngapi?” Nikamwambia saa moja na nusu. Nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwetu ilikuwa usiku tayari. Kwake ilikuwa saa kumi na nusu, na jua lilikuwa bado liko ukutani.

Tulimzika siku ya pili. Asubuhi tulimwosha, wanawake watano, na jeneza likatoka nyumbani saa sita ili aswaliwe baada ya adhuhuri. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wanaume walipokwisha kunyanyua, sauti zao zikapungua njiani, nilibaki nimesimama uani sijui mikono yangu niiweke wapi. Nikaitazama nguzo.

Mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita liko kusini kidogo tu ya utosi, kwa hiyo kivuli kilikuwa kifupi, shibiri moja. Kilikuwa kimenyooka kaskazini. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Tanga. Longitudo zetu hazipishani hata digrii moja. Kwa hiyo kwa muda ule mfupi kivuli kilikuwa kimeelekea Kibla, vile vile ambavyo uso wa Mama ungeelekezwa ndani ya mwanandani. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika nane. Nikasimama hapo mpaka nikaona kivuli kimeanza kuinama upande wa mashariki. Jua limepinduka. Sikukwaruza kitu. Mstari ulikuwapo, alishauweka mwenyewe.

Wiki zilizofuata mdogo wangu alinipigia kila siku, na kila siku alirudi pale pale. “Dada, wangeiacha saa kama ilivyokuwa, ningemkuta.” Mimi nilikuwa na langu ambalo sikumwambia: nilimwambia Mama atapiga sasa hivi, na haikuwa kweli. Nilianza kusoma habari za saa kama mtu anayefuatilia mwenendo wa ugonjwa uliomuua mzazi wake.

Nilisoma habari za William Willett, mjenzi wa London. Husimuliwa kwamba alikuwa akipanda farasi alfajiri ya kiangazi, ikamuuma kuona nyumba nyingi zimefunga madirisha, watu wamelala, mwanga unakwenda bure. Mwaka 1907 alichapa kijitabu akipendekeza saa zisogezwe mbele kipindi cha joto. Alilipigania jambo hilo miaka yote iliyobaki. Akafariki Machi 1915. Aprili 1916, katikati ya vita, Ujerumani ikawa ya kwanza kusogeza saa nchi nzima ili kuokoa makaa ya mawe, na Mei mwaka huo huo Uingereza ikafuata. Yeye hakuiona hata siku moja ya kile alichokiomba.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Bristol mchana wa kiangazi huzidi saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Kwetu tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 40. Hatuujui uchungu wa watu ambao mwanga kwao huja kwa wingi halafu hunyimwa. Willett alikuwa mtu aliyeona kitu kizuri kinapita na hakuna aliye macho kukipokea. Uchungu huo naujua sasa. Katika msitu wa Petts Wood, kusini mashariki mwa London, wamemwekea jiwe la kumbukumbu, na jiwe hilo ni saa ya jua. Imechongwa isome saa za kiangazi, na hivyo ndivyo inavyosoma mwaka mzima, hata katikati ya Desemba. Haikungoja mtu aje kuisogeza.

Mdogo wangu naye akanitumia picha. Katikati ya Bristol, kwenye jengo la zamani la soko la nafaka, kuna saa yenye mishale miwili ya dakika. Kabla ya reli, kila mji Uingereza ulikwenda kwa jua lake, na jua la Bristol liko nyuma ya la Greenwich kwa dakika 10. Treni zilipokuja na saa za London, mji ukaongeza mshale wa pili: mmoja unaonyesha wakati wa reli, mwingine wakati wa jua la hapo. Mwaka 1852 Bristol ilikubali rasmi wakati wa Greenwich. Mshale wa wakati wa zamani upo. Leo unazunguka pamoja na mwenziwe, dakika 10 nyuma, na hakuna anayeufuata.

Chini ya picha aliandika: “Hivi ndivyo ninavyoishi.” Nilimwelewa. Mwenye msiba ana mishale miwili. Mmoja unakwenda na watu, kazini, sokoni, kwenye foleni. Mwingine umebaki na aliyeondoka, na pengo lao halizibiki wala halipanuki, linazunguka tu.

Nilisoma pia habari za Samoa. Mwishoni mwa mwaka 2011 nchi hiyo iliamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwapo. Lakini hakuna mtoto aliyechelewa kuzaliwa kwa sababu hiyo, wala mgonjwa aliyeongezewa siku. Usiku ulikuwa usiku mmoja. Kilichoondolewa ni jina.

Nikataka kumwambia mdogo wangu hivyo, kwamba hakuna saa aliyoibiwa. Nikajizuia, kwa sababu si kweli yote. Mishale isingeguswa, simu ingelia saa moja, na Mama angemuuliza mmeshindaje. Hilo lilipotea kweli, na haifai kumnyima mtu hasara yake kwa hoja nzuri. Nikaacha aendelee kusema, nami nikamwambia langu. Tulilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa dunia.

Alikuja kwa arobaini. Baada ya hitima, watu walipotawanyika, alinikuta uani akaniuliza upi ni mstari wa alasiri. Ilikuwa Desemba, kaskazi, nikamwonyesha ule wa fungu la kaskazini. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mstari. Saruji ilikuwa bado ina moto wa mchana. Hakukiondoa. Tukangoja bila kusema, kuku wanapita, mpaka ncha ya kivuli ikapanda kidole chake cha kwanza, kisha cha pili, ikatulia juu ya mkono wote. Akaniangalia kama aliyeguswa na mtu. Halafu akaenda kutawadha.

Machi, Jumapili ya mwisho, Uingereza ikasogeza saa mbele. Safari hii nilikumbuka. Jua lilikuwa limeshatuvuka kwenda kaskazini, vivuli vimerudi upande wa mistari ya kusi. Niliswali magharibi, nikaketi kwenye mkeka wa Mama, simu mapajani. Saa moja kamili ikalia.

Saa yetu ilikuwa imerudi. Ile ile, kati ya magharibi na isha, haikupungua hata dakika. Aliyokuwa akiilia mdogo wangu tangu Oktoba alirudishiwa nzima. Nilipokea, na kwa muda hakuna aliyesema kitu, kwa sababu wote wawili tuliiona wakati mmoja: saa iko hapa, na aliyekuwa akiingoja hayupo. Hata ningempa simu ya mwisho aliyoikosa, angetaka ya baada yake, na ya baada ya hiyo. Hatukuwa tumepoteza saa. Tulikuwa tumempoteza Mama.

Alivuta pumzi. Dirishani kwake, najua, jua lilikuwa bado.

“Dada,” akasema, “mmeshindaje huko?”

“Tumeshinda salama,” nikamjibu.