Kima Anayetafuna Mkaa

Kutoka Mji Mkongwe hadi Jozani ni kama saa moja kwa daladala. Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka saba, aliyeficha ndizi mbivu mfukoni. Mtembeza wageni akaiona.

"Rudisha, bwana mdogo. Ndizi hiyo itamuumiza tumbo."

Kima punju kwao ni Unguja. Mgongo wake ni mwekundu, uso mweusi, na hana kidole gumba. Tumbo lake lina vyumba vinne, ambamo vijidudu huchachusha majani na matunda mabichi. Sukari ya matunda mabivu huvuruga kazi hiyo.

Kilichonishangaza zaidi ni mkaa. Kima wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazozuia mmeng'enyo. Kisha hutafuna mkaa, nao hunasa kemikali hizo. Hospitalini pia, baadhi ya waliokunywa sumu hupewa mkaa maalumu. (Wa jikoni usijaribu!)

Ukienda, usiwaguse wala usiwasogelee, hasa ukiwa na mafua. Maradhi yetu huweza kuwapata.

Jozani ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 2004, lakini barabara ya lami inapita humo humo. Kima wengi waligongwa, hadi yakawekwa matuta. Wakati wa kurudi, dereva alipoanza kukimbiza gari, mpwa wangu alipaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Mjomba, polepole! Kima wanavuka!"

Abiria walicheka. Dereva akapunguza mwendo.