Gitaa Lililomeza Zaburi



Jumapili moja baada ya Misa, bibi mmoja alitufuata tulipokuwa tukikunja nyaya. Tulimpa shikamoo. "Marahaba, wajukuu zangu. Mmepiga, lakini Zaburi sikuisikia. Nimesikia waya tu."

Hatukuwa na jibu.

Amplifaya ya gitaa hatuna. Gitaa tunalipitisha kwenye kompyuta yenye Neural Amp Modeler, programu ya bure inayoiga amplifaya halisi, kisha sauti inakwenda kwenye spika za kanisa. Kwa sauti safi tulichagua mwigo wa Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu iliyotoka 1963 (mwaka uleule Mtaguso ulipotoa Sacrosanctum Concilium, hati ya liturujia, tulicheka sana). Usiku, kwa vipokea sauti masikioni, ililia kama kengele.

Kosa tulilifanya asubuhi. Tulizima sehemu ya programu inayoiga spika, tukisema kanisa lina spika zake, ya kuigiza ya nini? Kumbe spika ya gitaa ya inchi 12 ni nusu ya sauti yenyewe: kuanzia takribani hezi 5,000 kwenda juu inapunguza sana. Spika za kanisa hazipunguzi kitu. Ndiyo ule waya wa bibi.

Tuliiwasha. Ukali ukaisha, Zaburi bado ikazama. Darasani tunafundishwa kwamba kinachopokelewa hupokelewa kadiri ya mpokeaji, na tulikuwa tumejibu swali hilo kwenye mtihani bila kufikiria kuta za saruji na paa la bati. Kanisa lina mwangwi wake. Sisi tulikuwa tumeongeza mwingine. Tukauondoa wote. Tukashusha pia nguvu ya gitaa linapoingia kwenye kompyuta, vilele visipite desibeli -12, maana kidijitali sauti ikigonga dari hupasuka vibaya.

Ugomvi ulikuja kwenye besi. Tulipokata kila kitu chini ya hezi 120, mwenzetu anayepiga alinuna: gitaa lake limekuwa jembamba, aibu. Likipigwa peke yake, alikuwa na haki. Tukamwomba akae benchi la nyuma, pale anapokaa bibi, mwingine apige, naye aandike maneno ya Zaburi anayoyasikia. Kwa besi yake aliyoipenda, beti la pili karatasi ilikuwa tupu. Alirudi mbele kimya, akakata besi mwenyewe, na akaacha kupiga nyuzi zote sita kila pigo.

Jumapili iliyofuata bibi alitupita mlangoni akiimba kiitikio kwa sauti ndogo. Kuhusu gitaa hakusema neno. Mwenzetu alimtazama mpaka akafika barabarani.