ALIENDA KUPIGA PICHA NA NDEGE YA VITA, KUMBE INAMHUSU BABU YAKE

Kuna mrembo mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, wengi mlimjua 2016 kwa klipu moja tu: babu yake, mzee wa miaka tisini na kitu, yuko kwenye sherehe anasukuma sahani ya pilau kwa fimbo. "Ondoeni hii!" Watu wanacheka. Klipu ilitembea kinoma, "Babu Pilau" ikawa msemo, bidada akapata wafuasi, baadaye na matangazo. Babu alifariki mwaka uliofuata.

Juzi kati alikuwa Uingereza kwa shangazi yake. Shangazi akampeleka Duxford, makumbusho ya ndege karibu na Cambridge. Bidada kajipigilia, buti ndefu, miwani, anataka picha na ile B-52 kubwa. Shangazi hana habari nayo. Akamvuta hadi kwenye C-47, ndege ambayo Waingereza waliiita Dakota.

"Unauona huo mlango, mama?" Mlango mpana, ubavu wa kushoto, kule nyuma. "Babu yako alikuwa anasubiri chakula kitoke kwenye mlango kama huo."

Babu alikuwa keya. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw, Burma, wakiwasukuma Wajapani. Mvua haikatiki, malaria nje nje, barabara tope tupu. Malori hayapiti, kwa hiyo chakula kinadondoshwa na ndege. Vingine vilishuka na mwavuli. Mchele hapana: gunia ndani ya gunia, unasukumwa tu, jiangalie mwenyewe huko chini.

Gunia moja likamwangukia rafiki yake, kijana wa kijiji kimoja naye. Akafa pale pale. Jioni mchele ule ule ukapikwa, na babu akala, maana kingine hakikuwepo. Aliporudi kwao hakugusa wali tena.

Hayo alimsimulia shangazi peke yake, tena mara moja. Klipu ilipovuma, shangazi aliiona. Akanyamaza.

Mtu wa karibu anasema picha ya B-52 haikupigwa. Usiku ule mrembo alishika simu aifute klipu, shangazi akamzuia: "Ukiifuta, sauti ya baba yangu nitaisikia wapi?"

Mpaka leo ipo, ila komenti kazifunga.

Wewe ungeifuta au ungeiacha? Tiririka hapo chini.