Mwanao akikaa kimya kwenye kikao, wenzake hudhani hajui

Mama mmoja wa Dar es Salaam alidhani binti yake anachati tu. Kila Jumatano saa 2 usiku, wakati wa kupakua chakula, binti huyo wa mwaka wa pili chuo kikuu alijifungia chumbani na simu. Siku moja mama alipofungua mlango kwa hasira, aliona kwenye kioo vijana watatu: wawili wa Ujerumani na mmoja wa Brazil. Wote walikuwa kazini.

Masomo ya namna hii yanaongezeka. Wahadhiri wa nchi mbili au tatu hupanga kazi moja, wanafunzi wakagawanywa katika makundi ya mchanganyiko na kuifanya kwa intaneti kwa wiki kadhaa. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Marekani, kilianzisha kituo maalumu cha mafunzo haya mwaka 2006. Mwanafunzi hahitaji viza wala nauli, ila anahitaji bando, utulivu na ujasiri.

Kwa binti huyu, tatizo la kwanza lilikuwa saa. Aliwaandikia wenzake kwa Kiingereza kwamba kikao ni saa 2 usiku. Wao wakaelewa ni ile tunayoiita saa 8 usiku. Hakuna aliyekosea: Waswahili tunaanza kuhesabu saa alfajiri, wao wanaanza katikati ya usiku.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Wanakikundi walitakiwa kupeana alama, na wenzake wakamwandikia kuwa hachangii. Binti alilia. Mawazo alikuwa nayo, lakini alisubiri akaribishwe kusema, maana nyumbani alifundishwa kutodakia mazungumzo ya watu.

“Mwanangu, wao wanajua kwamba unasubiri kupewa nafasi?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Nilidhani wanaona.”

Kikao kilichofuata aliwaeleza. Wajerumani wakashangaa, walichukulia kwamba mwenye neno hulisema, na aliyenyamaza amekubali au hana la kuongeza. Kijana wa Brazil naye akafunguka: aliwaona Wajerumani wakali, kumbe wakisema “hili halifai” wanakosoa kazi, si mtu. Wakakubaliana kwamba kabla ya kufunga kikao, kila mmoja aitwe kwa jina na aulizwe maoni yake. Alama za mwisho za binti zilipanda.

Mzazi, adabu uliyomfundisha mwanao si mzigo, usimwambie aitupe. Mfundishe kuieleza kwa watu wasioijua, na kuuliza kabla ya kuhukumu ya kwao. Ujuzi huo ataudai mwajiri wake kesho, na mkwe wako pia.

Anza na mambo madogo. Muulize ratiba ya vikao vyake, na siku hiyo mtafutie mtu mwingine wa kupakua chakula. Mkumbushe kuandika saa za kila nchi, kwa sababu Ujerumani hubadili saa Machi na Oktoba: ipo nyuma yetu kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi. Na mezani nyumbani, mpe nafasi ya kutoa hoja inayopingana na yako, kwa heshima, bila kukatwa kauli. Akizoea kusema mbele yako, hatashindwa mbele ya wageni.