Jina la Pili: Manyoni, Oktoba 1995

Kampeni za mwaka 1995 zilitukuta Manyoni katika msimu wa kuberega, yaani kusafisha mashamba. Jua lilikuwa kali, na watu walidamkia mashambani ili mvua ikianza kunyesha ikute mbegu ziko tayari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi nchini niliitwa kufanya kazi kwenye kituo cha kupigia kura. Watu wa rika langu wakikumbuka uchaguzi ule, humtaja kwanza Augustine Mrema, mgombea urais wa upinzani, ambaye wafuasi wake walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mikono. Kisha humtaja Mwalimu Nyerere, jinsi alivyozunguka kumnadi Benjamin Mkapa, mgombea wa chama tawala. Mimi nina jambo jingine linalonikaa moyoni, nalo halikupigiwa ngoma wala tarumbeta: siku ile ndipo Watanzania walipomchagua Makamu wa Rais kwa kura zao kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo umakamu ulikuwa mkia wa cheo kingine. Tulikuwa na makamu wawili, mmoja Rais wa Zanzibar, mwingine Waziri Mkuu, na hakuna mwananchi aliyemwekea yeyote kati yao alama ya vema kwa nafasi hiyo. Kwa sisi wa Manyoni jambo hili lilikuwa na uzito wake, maana kuanzia Novemba 1990 Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais alikuwa John Malecela, Mgogo wa Mvumi. Wazee wa Kilimatinde na Kintinku walimhesabu ndugu. Desemba 1994 aliondolewa katika uwaziri mkuu, baada ya mvutano mrefu juu ya hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, ambamo Mwalimu Nyerere alimlaumu waziwazi katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Nakumbuka ukimya wa vijiweni wiki ile. Kwa wazee wale, makamu alikuwa mtu wao, kisha akawa si wao, na wao hawakuulizwa neno katika lolote kati ya hayo mawili.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba. Kuanzia uchaguzi uliofuata angekuwapo makamu mmoja tu, naye angegombea pamoja na rais kama mgombea mwenza. Mmoja akitoka Bara, mwenzake sharti atoke Zanzibar. Kura ni moja, watu ni wawili. Sababu ilikuwa nzito: vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka 1992, na kama utaratibu wa zamani ungebaki, Rais wa Zanzibar anayetoka chama cha upinzani angeweza kuwa makamu wa rais wa chama tawala.

Tukatakiwa kuwaeleza watu. Nilieleza chini ya mbuyu karibu na shule yetu, mbele ya watu waliozoea kumpigia mgombea mmoja wa urais kura ya ndiyo au hapana, na kuchagua mbunge kwa alama ya jembe au nyumba. Nilipomaliza alisimama mzee mmoja mfugaji, akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu, huyu wa mbele tumemsikia redioni. Huyo wa nyuma yake ni nani? Rais akifa, si ndiye atakayetutawala?"

Nikamjibu kwamba ndivyo. Mgombea mwenza wa Mkapa alikuwa Dokta Omar Ali Juma wa Wawi, Pemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1988, na udaktari wake ni wa mifugo. Hapo pakachangamka. Bwana mifugo! Wakaanza kuulizana kama Pemba kuna ng'ombe, na swali la mzee likamezwa na vicheko. Yeye hakucheka. Katika kampeni yote ile sikumsikia mtu mwingine akiuliza jambo la maana kama lile.

Siku ya kura, Jumapili tarehe 29 Oktoba, foleni ilianza kabla hapajapambazuka, kina mama wakiwa na shahada zao za kupigia kura zimefungwa kwenye pindo za khanga. Usiku tulihesabu kwa mwanga wa karabai, mawakala wa vyama wakitukodolea macho kila karatasi ilipofunguliwa. Tulitaja jina la mgombea urais tu. La mwenza wake hakuna aliyelitamka.

Matokeo ya taifa yalichelewa, kwa kuwa Dar es Salaam uchaguzi ulifutwa ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Ibrahim Lipumba 6.4, na John Cheyo takriban 4. Zanzibar, iliyopiga kura wiki moja kabla yetu, Salmin Amour alikuwa ametangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa upinzani. Niliposikia tarakimu hizo redioni ndipo nilipoelewa kwa nini Katiba ilibadilishwa haraka vile.

Dokta Omar alifariki tarehe 4 Julai 2001 akiwa bado madarakani, akazikwa kwao Wawi. Ali Mohamed Shein akashika nafasi hiyo kwa uteuzi. Nchi iliomboleza, kisha umakamu ukarudi kuwa cheo cha kufungua semina.

Machi 2021 alifariki Rais John Magufuli, na tarehe 19 mwezi huo Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Sokoni Manyoni vijana waliniuliza, kwa nini hatupigi kura? Nani amemchagua huyu mama? Niliwaambia Katiba inasema makamu humalizia kipindi kilichobaki, na kwamba wao wenyewe walimpigia kura Oktoba 2020, na wakubwa zao tangu 2015, maana jina lake lilikuwa pamoja na la Magufuli mara zote mbili. Mmoja alibisha hadi jasho likamtoka. Mwisho wa mwezi Bunge likamthibitisha Philip Mpango kuwa makamu mpya, na kijana yuleyule akanifuata nyumbani kuniuliza kama huyo naye walimpigia. Nikamwambia hapana, huyo amependekezwa na Rais na wabunge wakamkubali. Akaketi, akataka nimweleze yote tangu mwanzo.