Sheria ni Msumeno

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika banda lililo nyuma ya nyumba moja jimboni Arizona, nchini Marekani, methali hiyo ilipata maana mpya.

Mzee mwenye nyumba hukata miti iliyogeuka mawe. Miti hiyo ilianguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ikafukiwa na matope na majivu ya volkano. Maji yaliyobeba silika yakaipenya, chembe kwa chembe, hata mti ukawa jiwe bila kupoteza umbo lake. Jiwe hilo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Hukatwa kwa msumeno wa duara ambao ukingo wake umetiwa chembe za almasi. Mzee hulibana jiwe barabara, kisha huacha mafuta yaupoze msumeno na kutuliza vumbi, maana vumbi la silika huharibu mapafu. Kipande hutoka chembamba mfano wa kigae. Akisha kukisugua kwa unga mkali, kisha kwa ulio laini zaidi, hung'aa kwa wekundu na manjano ya madini ya chuma.

Siku moja mjukuu wake alimletea kijiwe kisichozidi ngumi.

"Babu, nikatie hiki."

"Umekitoa wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa amekiokota katika mbuga ya Petrified Forest, iliyolindwa kisheria tangu mwaka 1906. Mawe ya mzee yalitoka katika shamba la mtu binafsi, kwa idhini yake. Hiki hakikuwa na idhini ya yeyote. Mzee akazima mashine.

"Tutakirudisha, mjukuu wangu. Lakini hakitarudi kilipokuwa."

Alisema kweli. Mbuga hiyo hurejeshewa mawe mengi pamoja na barua za majuto, nayo huyaweka katika rundo la kando, kwa kuwa hakuna ajuaye kila moja lilikuwa limelala wapi. Kuyatupa popote ni kuwapotosha watafiti.

Funzo hili si la Arizona pekee. Nchini Kenya, katika mbuga ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, magogo ya mawe yamelala juani, na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huvilinda visukuku. Jiwe lililohamishwa kwa siri ni ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yangali yamo, ila hadithi imekatika.